Nani Alichimba Handaki? Maboma ya Udongo ya Uganda na Suala la Ugeni

Wasomaji wetu waliolelewa pwani wakisikia neno "ngome" huona mawe. Huiona Ngome Kongwe ya Unguja, au Ngome ya Yesu kule Mombasa ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, au Husuni Kubwa ya Kilwa Kisiwani, ambayo jina lake limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya ngome ingawa wataalamu wanaliona kuwa lilikuwa jumba la sultani. Basi mwanafunzi wetu mmoja, mwenyeji wa Pajulu karibu na Arua, alipouliza darasani Kiswahili huiitaje ngome isiyo na jiwe hata moja, ngome ya udongo mtupu, darasa lilikaa kimya kidogo. Kisha mmoja akasema "tuta". Mwingine akasema "handaki". Wa tatu, ambaye ni Mtanzania wa bara, akashikilia kuwa ni "boma" na si vinginevyo. Kipindi kikaisha hatujaafikiana.

Ukweli ni kwamba wote watatu walikuwa sahihi na kila mmoja alishika kipande kimoja tu. Anayejenga kwa udongo huchimba shimo refu la kuzunguka eneo, na udongo anaoutoa huurundika kando yake. Shimo hilo ni handaki, rundo ni tuta, na eneo lililozungukwa ni boma. Katika makala haya tutasema "boma la udongo" tunapokusudia vyote kwa pamoja. Neno handaki lenyewe lina safari yake: tumelipata kwa Waarabu, nao Waarabu walilichukua kwa Waajemi, ambao kwao lilimaanisha kitu kilichochimbwa. Waislamu miongoni mwetu hawana haja ya kuelezwa zaidi, kwa kuwa wanavijua Vita vya Handaki vya Madina vya mwaka 627, na wanajua kuwa aliyetoa shauri la kuchimba alikuwa Salman, mtu wa Uajemi. Tangu hapo, basi, handaki limehusishwa na mgeni aliyekuja na maarifa yake. Suala hili la mgeni ndilo tunalotaka kulifuata, kwa sababu limewasumbua wachunguzi wa maboma ya Uganda kwa zaidi ya miaka mia moja, na linatusumbua hata sisi walimu wa Kiswahili kila tunapotajwa nchini humo.

Mwanafunzi wetu alikuwa na swali la pili: je, kwao yako? Pajulu iko katika nchi ya Ayivu ya Walugbara, kwenye nyanda za juu karibu na mgongo wa ardhi unaogawa maji yaendayo mto Nile na yale yaendayo mto Kongo. Maboma makubwa ya udongo yaliyoandikwa sana vitabuni hayako huko. Yako mbali kusini, katika nchi ya Bunyoro na kandokando ya mto Katonga. Lakini West Nile nayo ina yake, na ni ya aina nyingine kabisa: Dufile katika wilaya ya Moyo, na Wadelai katika wilaya ya Pakwach, yote mawili ukingoni mwa Nile. Tutaanza na yale ya kusini, kwa kuwa huko ndiko wachunguzi walikojifunzia kazi ya kuyapima, na huko ndiko walikofanyia makosa yao ya kwanza.

Boma kubwa kuliko yote ni Bigo bya Mugenyi, katika wilaya ya Sembabule. Mahandaki yake yakiungwa pamoja yanapita urefu wa kilomita 10, na mahali pengine yamekatwa katika mwamba hadi kina cha zaidi ya mita 3. Hebu tulitazame jina. "Bigo" ni wingi wa "ekigo", yaani ua au ngome. "Mugenyi" ni neno ambalo msemaji yeyote wa Kiswahili analitambua bila kamusi, kwani ni "mgeni" wetu huyu huyu. Ngome za Mgeni. Katika masimulizi ya wenyeji Mugenyi ni jina la mtu, mmoja wa Bachwezi, wale watawala wa kale wanaosemekana walitokea, wakatawala kwa muda mfupi, kisha wakatoweka. Lakini Wazungu walioanza kuandika juu ya mahali hapa mwanzoni mwa karne ya 20 walilifurahia sana jina hilo. Wakati huo dhana iliyoenezwa na Speke katika kitabu chake cha mwaka 1863, kwamba kila dola yenye nguvu katika Maziwa Makuu ililetwa na watu wa kutoka kaskazini, ilikuwa kama imani. Handaki la kilomita 10, wakasema, haliwezi kuwa kazi ya wakulima na wafugaji wa hapa. Na mbona hata jina linakiri kuwa lilikuwa la mgeni?

Kilichowajibu ni vipimo. E.J. Wayland, aliyekuwa mkuu wa idara ya jiolojia ya serikali, alichapisha maelezo yake ya Bigo mwaka 1934. Peter Shinnie alichimba huko mwaka 1957, na Merrick Posnansky, aliyekuwa msimamizi wa Makumbusho ya Uganda, akachimba tena mwaka 1960. Mkaa uliopatikana ulipopimwa kwa kaboni-14 ulionyesha kuwa boma lilitumika kati ya mwaka 1350 na 1500 hivi. Vyungu vilikuwa vimepambwa kwa kuviringishiwa kamba iliyosokotwa udongo ukiwa bado mbichi, mtindo ulioenea kote katika Maziwa Makuu, na mifupa mingi ilikuwa ya ng'ombe. Hapakuwa na chombo cha kutoka ng'ambo cha kumshuhudia mgeni yeyote. Huko Ntusi, si mbali na Bigo, watu walikuwa wakiishi na kufuga tangu karne ya 11. Na huko Munsa, katika wilaya ambayo siku hizi ni Kakumiro, Peter Robertshaw alionyesha katika miaka ya 1990 kuwa watu walikuwa wamekaa mahali hapo kwa karne kadhaa kabla ya handaki kuchimbwa. Waliochimba walikuwa wenyeji. Jina la Munsa, kwa njia, huelezwa kuwa ni la Kinyoro lenye maana ya mahali pa mahandaki, na tunawaomba wanafunzi wa isimu wazingatie hilo: ramani ya majina mara nyingi humtangulia mpimaji.

Sasa mtu anapimaje kitu kama hiki? Tutalieleza jambo hili kwa kirefu kidogo, maana wanafunzi wetu wengi wanafikiri akiolojia ni kuchimba tu, na kuchimba ndiyo hatua ya mwisho.

Hatua ya kwanza ni kutazama kutoka mbali. Tuta lililoliwa na mvua kwa miaka mia tano linaweza kuwa limebaki na kimo cha goti, na ukilipita mchana jua likiwa utosini hutaliona. Ukipita alfajiri au magharibi, jua likiwa chini, tuta hutupa kivuli na handaki hujaa giza, na umbo zima hujitokeza. Kwa sababu hiyo hiyo picha zinazopigwa kutoka ndegeni asubuhi au jioni zimekuwa msaada mkubwa tangu enzi za ukoloni. Majani nayo husema. Handaki lililojaa udongo kwa karne nyingi lina udongo mwingi na unyevu, kwa hiyo kiangazi nyasi zake hubaki kijani wakati zile za juu ya tuta zimeshakauka. Mkulima wa Pajulu anayejua kwa nini mihogo ya sehemu moja ya shamba lake hunawiri kuliko ile ya hatua kumi pembeni, tayari ameshajua nusu ya kazi hii. Siku hizi ndege huweza kumulika ardhi kwa miale ya leza ambayo baadhi yake hupenya kati ya majani na kuleta sura ya ardhi iliyo chini yake, lakini kanuni ni ile ile: kutafuta mwinuko mdogo unaoendelea kwa mstari mahali ambapo maumbile hayatengenezi mstari.

Baada ya hapo mtu hutembea. Hutembea mstari wote wa handaki kwa miguu, akipigilia vigingi kila panapopinda, na kupima umbali kwa futikamba na mwelekeo kwa dira. Chombo cha kupokea mawimbi ya setilaiti kimerahisisha kazi hii tangu miaka ya 1990, ila chombo hicho cha mkononi kinaweza kukosea kwa mita kadhaa, kosa ambalo si kitu kwa dereva lakini ni kubwa kwa mtu anayepima handaki lenye upana wa mita 4. Kisha huchukuliwa mkato. Kamba huvutwa kukatisha tuta na handaki kwa pembe mraba, ikanyooshwa kwa pimamaji mpaka ilale sawasawa, na kila baada ya nusu mita hupimwa umbali kutoka kwenye kamba hadi ardhini. Namba hizo zikichorwa karatasini hutoa sura ya handaki na tuta kama mkate uliokatwa ubavuni. Tumewahi kulijaribu zoezi hili na wanafunzi kwenye mtaro wa maji ya mvua nyuma ya madarasa. Vijiti viwili, kamba, pimamaji ya fundi mwashi na rula vilitosha kabisa, na wanafunzi wa fasihi walipima vizuri kuliko tulivyotarajia.

Mkato ukishachorwa, huja maswali. Udongo umetupwa upande gani? Ukitupwa upande wa ndani, anayekuja kutoka nje hukutana na shimo kwanza kisha ukuta, na hiyo ni dalili ya kujihami. Ukitupwa nje, huenda nia ilikuwa nyingine, kama vile kuzuia ng'ombe wasitoke. Uwazi kwenye tuta ni lango la tangu zamani, au ni njia iliyokatwa na watu wa baadaye? Katika lango la kweli handaki halikuchimbwa hapo tangu mwanzo na ardhi ni ngumu. Katika njia ya baadaye handaki lipo, ila limefukiwa kwa udongo wa tuta lililovunjwa. Maswali haya yameondoa majibu mengi ya haraka. Mahandaki ya nje ya Bigo ni marefu mno kulindwa na mashujaa wachache wenye mikuki, na ndiyo maana wachunguzi wa baadaye wamefikiria zaidi juu ya mifugo, mashamba, wanyama waharibifu, na heshima ya mtawala aliyeweza kuwaamrisha watu wengi wachimbe kwa pamoja.

Kuchimba huja mwisho, na Uganda, kama kwingineko, hakufanyiki bila kibali cha serikali. Mchimbaji hukata mfereji mwembamba kupitia tuta na handaki, akasoma matabaka. Mkaa unaokutwa chini kabisa ya tuta, juu ya ardhi ya zamani, unamwambia kuwa tuta haliwezi kuwa la kale kuliko mkaa huo. Mkaa unaokutwa katika tope la chini la handaki unamwambia kuwa handaki lilikuwa limeshachimbwa mkaa ulipoanguka humo. Tarehe ya kweli imebanwa kati ya hizo mbili. Ni hoja nyepesi, lakini ndiyo iliyowashinda wageni wa vitabuni.

Turudi sasa West Nile, ambako mgeni alikuwepo kweli.

Mwaka 1874 Charles Gordon, aliyekuwa gavana wa jimbo la Ikweta kwa niaba ya Khedivu wa Misri, alichagua mahali karibu na Dufile pa kuunganishia meli. Sababu ilikuwa ya kijiografia. Kutoka Ziwa Albert hadi hapo Nile inapitika kwa meli, lakini mbele kidogo, baada ya Nimule, maji huingia kwenye maporomoko ya Fola na meli haiwezi kupita. Meli zilizotoka kaskazini zililetwa vipande vipande kwa nchi kavu, zikaungwa upya juu ya maporomoko. Mwaka 1878 ugavana ulimwangukia daktari Mjerumani, Eduard Schnitzer, aliyejulikana zaidi kwa jina la Emin Pasha, na ngome ya Dufile ikajengwa mwaka uliofuata: handaki na tuta kwa pande za nchi kavu, na mto wenyewe ukiwa ukuta wa upande uliobaki. Kwa nini udongo? Kwa sababu ulikuwepo, na kwa sababu risasi inayovunja jiwe huzama katika tuta la udongo ikaishia humo.

Yaliyofuata yameandikwa sana na hatutayarudia yote. Dola ya Mahdi iliuteka mji wa Khartoum Januari 1885, Emin akakatiwa njia ya kaskazini na kuhamishia makao yake Wadelai. Agosti 1888 askari wake waliasi, wakamfunga hapo Dufile pamoja na Jephson, msaidizi wa Stanley. Novemba mwaka huo jeshi la Mahdi liliishambulia ngome, likarudishwa nyuma na askari hao hao walioasi. Baadaye ngome ikaachwa. Emin alichukuliwa na Stanley hadi Bagamoyo, walikofika Desemba 1889, na usiku wa karamu ya kumpokea akaanguka kutoka ghorofani na kuumia vibaya. Vitabu vya wakati ule vilijaa Emin na Stanley.

Sisi tunawatazama wale waliobaki. Wengi wa askari wa Ikweta hawakuwa Wamisri. Walikuwa Wamakaraka, Wadinka, Wabari, Wakakwa, Wamadi, Walugbara na wengine, waliotiwa jeshini kwa hiari, kwa kununuliwa au kwa kutekwa. Walitoka makabila tofauti, wakawa na wake na watoto ngomeni, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiarabu cha kambini kilichopunguzwa viambishi na kunyooshwa. Lugha hiyo haikufa ngome ilipoachwa. Selim Bey na watu wake walihamia upande wa kusini wa Ziwa Albert, na mwaka 1891 Lugard akawakuta huko, akawaandikisha askari mia kadhaa na kuwachukua pamoja na familia na wafuasi wao, maelfu ya watu. Njiani aliwaweka katika ngome alizozijenga Toro, ngome za udongo vile vile, kisha wengine wakafika Kampala. Watoto wao ndio Wanubi, na Kiarabu kile ndicho Kinubi, kinachosemwa leo Bombo, Arua na Kibera. Bernd Heine alikiandikia kitabu kwa kuchunguza Kibera mwaka 1982, na Ineke Wellens akakiandika cha Uganda mwaka 2005.

Jeshi la King's African Rifles lilipoundwa mwaka 1902, Wanubi walikuwa nguzo yake, na kadiri miaka ilivyopita Kiswahili kikawa lugha ya jeshi hilo. Ndipo vijana wa West Nile walioandikishwa kutoka Arua na Koboko walipokipokea. Kwa hiyo mtu akitaka kujua Kiswahili kilifikaje Pajulu, jibu la vitabuni kwamba kililetwa na misafara ya wafanyabiashara wa pwani halimfikishi mbali. Njia iliyo wazi zaidi inapita katika handaki la Dufile, ikazunguka Toro, Kampala na Bombo, kisha ikarudi nyumbani ndani ya sare ya askari.

Dufile ina tabaka jingine pia. Chini ya mkataba wa mwaka 1894 eneo la Lado lilikodishwa kwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, na kati ya mwaka 1902 na 1907 Wabelgiji walikaa Dufile, wakaitumia upya. Askari wao walitoka Kongo na walisema Kibangala, ndugu wa Kilingala. Leopold alifariki Desemba 1909, mwaka uliofuata eneo likaenda Sudan, na mwaka 1914 sehemu ya kusini yake, ikiwemo nchi ya Walugbara, ikaingizwa Uganda na Arua ikawa makao makuu ya West Nile. Mpimaji anayefika Dufile hana budi kuuliza: mwinuko huu ni wa Emin au wa Wabelgiji? Kaboni-14 iliyosaidia Bigo haiwezi kutenganisha mwaka 1885 na 1905. Hapo kazi hufanywa na vitu vidogo kama vipande vya chupa, shanga, vifungo vya sare na maganda ya risasi, ambavyo kila kimoja kina umri unaoweza kukadiriwa kutokana na kilivyotengenezwa. Posnansky, yule yule wa Bigo, alirudi Uganda akiwa na umri wa zaidi ya miaka 70 na kuongoza uchimbaji wa Dufile mwaka 2006 na 2007. Twapenda kufikiri kuwa si bahati tu iliyomtoa kwenye ngome ya mgeni asiyekuwepo na kumleta kwenye ngome ya mgeni aliyekuwepo.

Na soko la Arua leo lina matabaka hayo hayo. Kilugbara ndiyo ardhi yenyewe, na juu yake utasikia Kinubi, Kilingala, Kiswahili na Kiingereza, mara nyingine katika sentensi moja. Mwanafunzi mgeni huko atahitaji hadhari yake. Akiambiwa kuwa kitu fulani ni cha "mundu" asitafute chombo cha kukatia majani, kwa sababu kwa Kilugbara mundu ni Mzungu. Akikaribishwa "moyo" na mama wa Kinubi, anapewa maji. (Tusikimbilie kulihusisha neno hili na jina la mji wa Moyo. Makosa ya namna hiyo ndiyo yaliyoizushia Bigo wageni wake.)

Tumesema suala la mgeni linatuhusu. Wanubi wanalijua zaidi yetu. Kwa miaka mingi waliambiwa kuwa ni watu wa Sudan walioachwa njiani. Uganda iliwaorodhesha katika katiba ya mwaka 1995 miongoni mwa jamii za wenyeji zilizokuwemo nchini kufikia tarehe 1 Februari 1926. Kenya, Wanubi wa Kibera walingoja hadi mwaka 2017 kupewa hati ya ardhi ya ekari 288. Ukiitazama orodha ya makabila waliotoka askari wa Emin, unajiuliza mgeni ni yupi. Mmadi aliyetekwa akiwa mtoto karibu na Dufile, akashikishwa jembe kuchimba handaki la Dufile, akazaa watoto Bombo, alivuka mpaka gani uliokuwepo wakati huo? Amri ilitoka Cairo. Mikono ilikuwa ya hapa hapa.

Na Kiswahili cha Uganda kimehukumiwa kwa kipimo hicho hicho. Gavana Gowers alipopendekeza mwaka 1927 kipanuliwe mashuleni, Buganda ilikataa. Idi Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, wengi kusini walikisikia kama sauti ya mtutu wa bunduki, na hatuwezi kuwalaumu, maana mara nyingi kilisemwa na aliyeushika. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kama somo la lazima. Walimu wenzetu wanaokwenda kufundisha huko huulizwa kwa nini watoto walazimishwe lugha ya wageni. Wengi hujibu kwa kuitaja Afrika Mashariki na biashara, majibu mazuri, ila ni ya mtu anayekubali kuwa ni mgeni. Kwa West Nile lipo jibu lililo karibu zaidi. Lugha iliingia kwa amri ya nje, hilo ni kweli na lisifichwe, lakini imesemwa, ikabebwa na ikarudishwa nyumbani na babu za watoto hao hao.

Matuta yenyewe hayatadumu milele. Udongo uliorundikwa ni laini na humvutia mfyatua matofali, jembe hushusha kimo kidogo kila msimu, na Nile hula ukingo wake inapofurika. Kwa sababu hiyo tumewaomba wanafunzi wetu wanaotoka Arua, Koboko, Moyo na Pakwach watuletee vitu viwili baada ya likizo. Cha kwanza ni mkato wa tuta au mtaro wowote wa zamani ulio karibu na kwao, uliochukuliwa kwa kamba na pimamaji bila kugusa ardhi kwa jembe, pamoja na jina ambalo majirani hupaita mahali hapo. Cha pili ni orodha ya maneno wanayoyatumia wazee wa Kinubi kwa handaki, tuta, lango, ghala na kambi, yakiandikwa kama yanavyotamkwa, na kando ya kila neno umri wa aliyelitoa na mahali alipozaliwa baba yake.

Mwanafunzi wetu wa Pajulu amechagua kuanza na wazee wa Kinubi wa mjini Arua, nao anatarajia kuwaamkia kwa Kiswahili. Swali lake la kwanza ameshaliandika kwenye daftari: "Babu, wazee wenu walipofika Dufile, handaki walilikuta au walilichimba?"